Mwalimu Wilbrodi Pazi, Aliyejenga Kibo Pale Dunda (1951–2025)

Waheshimiwa mapadre, mashehe, walimu, ndugu, jamaa na majirani. Wasifu huu umeandikwa na familia ya marehemu kwa siku mbili, nyumbani kwake Dunda, Bagamoyo. Kabla haujachapwa ulisomwa mbele ya rafiki yake, Mzee Hamoudi, ili akanushe lolote atakaloona limemwonea. Mzee Hamoudi alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho, akakanusha jambo moja tu, nalo ni idadi ya mbuzi. Hawakuwa kumi na tisa, walikuwa kumi na wanne. Imesahihishwa.

Marehemu Mwalimu Wilbrodi Pazi alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 kijijini Kiwangwa, mtoto wa nne kati ya saba. Wazazi wake walilima mihogo, korosho na mananasi, watu wa ardhi tambarare waliozoea kuona mbali bila kupanda popote. Kitu kirefu kuliko vyote nyuma ya nyumba yao kilikuwa kichuguu. Wilbrodi alikipanda kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na akiteremka alitakiwa kutoa taarifa.

"Leo umeona nini?" baba yake alimwuliza.

"Unguja, baba."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanapika."

Mzee Pazi alimwambia mkewe kwamba mtoto huyu atakuwa ama mwalimu ama mwongo, na kwamba yeye binafsi yuko tayari kwa lolote litakalotangulia.

Mwaka 1960 aliletwa Bagamoyo kusoma shule ya misheni, akaishi kwa shangazi yake aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Siku za likizo Wilbrodi alimsaidia kukokota chumvi na kuirundika, malundo meupe yanayoumiza macho jua likipanda. Sasa, darasani kwao palikuwa na kalenda ukutani, na kwenye kalenda hiyo palikuwa na picha ya mlima. Siku moja padre aliyewafundisha aliweka fimbo juu ya picha, akauliza kile cheupe kilichokaa kileleni ni kitu gani. Wilbrodi akanyoosha mkono mpaka akanyanyuka kwenye dawati.

"Chumvi, padre!"

Walicheka mpaka padre mwenyewe akageukia ubao kuficha uso. Ndipo Wilbrodi akaelezwa kwamba kile ni kilele cha Kibo, mlima Kilimanjaro, na kwamba kile cheupe kinaitwa theluji. Kuanzia siku hiyo hadi anamaliza shule aliitwa Chumvi. Kisa hiki alimsimulia mkewe peke yake, tena baada ya kumwapisha, na mkewe alikaa nacho hadi juzi. Lakini palepale darasani, masikio yakimwaka moto kwa aibu, mtoto wa Kiwangwa alijiapia kwamba mlima ule atauona kwa macho yake mwenyewe, ajue kama kweli alistahili kuchekwa.

Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ualimu Morogoro, akahitimu mwishoni mwa 1972. Huko aliishi miaka miwili chini ya milima ya Uluguru, milima ya heshima zake, yenye mito na ukungu wake. Mwalimu aliisalimia kila asubuhi kwa adabu kama mtu anavyosalimia ndugu wa mchumba, huku akili yake iko kwa mchumba mwenyewe.

Alianza kazi Lugoba mwaka 1973, na mwaka 1977 akahamishiwa Shule ya Msingi Msangapwani, hapa Dunda, alipofundisha miaka thelathini na minne mfululizo. Somo lake lilikuwa Jiografia, na hata lilipobadilishwa jina likawa Maarifa ya Jamii, yeye aliendelea kuliita Jiografia kama mtu anayekataa talaka. Ndani ya Jiografia alikuwa na mada moja aliyoipenda kuliko zote, vilele virefu vya kaskazini. Alisimama mlangoni akaita, "Kibo!" na watoto wakajibu kwa sauti ya kuezua bati, "Elfu tano mia nane tisini na tano!" Akaita Mawenzi, wakajibu elfu tano mia moja arobaini na tisa. Akaita Meru, wakajibu elfu nne mia tano sitini na sita. Wakateremka hivyo kupitia Loolmalasin na Hanang hadi Ol Doinyo Lengai, jina ambalo watoto wa pwani walilitamka kwa pumzi moja ili wasilikose katikati. Wauza vitumbua waliokaa nje ya uzio walizijua mita hizo zote bila kulipa ada.

Wapo kati yenu mliosoma kwake mkiamini kwamba mlima ule ameupanda. Hakuwahi kuwaambia hivyo. Ukimwuliza, "Mwalimu, ulishauona?" alijibu, "Tunaendelea na somo." Mwaka 1979 alipelekwa semina Arusha. Basi lilipita Moshi usiku, semina ikachukua wiki nzima ya mvua, Meru nao ukajifunika shuka, na basi la kurudi likapita Moshi usiku vilevile. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kuhusu binadamu na mlima hawakuacha neno, na Mwalimu aliwalaumu kwa hilo.

Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Bibi Angela, binti wa Lugoba, ambaye hakuwa na deni lolote na mlima wowote. Mwalimu alimwahidi fungate ya Moshi. Waliondoka siku ya pili wakiwa na sanduku moja na kikapu cha maandazi ya arusi, na basi likawaharibikia Korogwe. Kifaa kilichovunjika kilifuatwa Tanga, kikaletwa, kikawa si chenyewe, kikafuatwa tena. Siku tatu maharusi walikaa Korogwe wakila machungwa. Siku ya tatu Mwalimu alisimama barabarani, mikono kiunoni, akitazama upande wa kaskazini kana kwamba mlima ungeona huruma ukaja wenyewe.

"Mwalimu," mkewe akamwita, "mlima upo tangu enzi za Nuhu. Njoo ule chungwa."

Akaenda akala, na siku zilizobaki zikawatosha kurudi nyumbani tu. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na minne na ikajaliwa watoto wawili, Evarista mwaka 1982 na Clever mwaka 1986. Mama Evarista anasema kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwonea wivu mwanamke yeyote, kwa sababu aliyekuwa anamnyima usingizi mumewe alijulikana, na alikuwa mbali.

Mwaka 1989 Mwalimu aliamua kwamba kama mlima hauji na yeye haendi, basi ataujenga. Uwanjani pale Msangapwani, kwa mawe ya matumbawe, udongo na saruji, yeye na wanafunzi wake walijenga vilele sita vya kaskazini, kila mita elfu moja ya mlima ikawa sentimita ishirini. Kibo kilifika sentimita mia moja na kumi na nane, Mawenzi mia moja na tatu, Meru tisini na moja. Saruji iliisha kabla Kibo hakijaisha, kwa hiyo juu kabisa kikamaliziwa kwa udongo. Kisha kikapakwa chokaa nyeupe kiwe na theluji. Na kama afanyavyo fundi yeyote wa pwani anayejua kazi, Mwalimu alitia chumvi kwenye chokaa ili ishike na isichafue sare za watoto.

Hapa ndipo anapoingia Mzee Hamoudi. Duka lake lilitazamana na geti la shule, duka la wazee wake waliotoka Oman vizazi vingi nyuma, na ndani yake ulipata chokaa, chumvi, misumari, kanga na habari. Habari ndiyo bidhaa aliyoitoa bure. Dunda nzima ilijua kwamba ukitaka jambo lako lifike Mbegani kabla yako, mwambie Hamoudi ni siri. Nyuma ya duka alifuga mbuzi kumi na wanne. Wahenga wanasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, lakini mbuzi wa Hamoudi hawakuijua kamba.

Kila muhula Mwalimu alipaka theluji, na kila baada ya likizo aliikuta imekwisha, imebaki mistari mistari. Alilaumu mvua. Alilaumu upepo wa bahari. Mwaka mmoja aliilaumu hata chokaa yenyewe, akarudi dukani kugomba, na Hamoudi akamshauri aongeze chumvi. Akaongeza. Hali ikawa mbaya zaidi. Mambo haya yaliendelea kwa miaka saba.

Mwaka 1996 darasa la saba walifanya mtihani wa majaribio. Swali la tisa liliwataka wataje kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya kaskazini ya nchi yetu. Wanafunzi kumi na saba kati ya thelathini na mmoja waliandika Mawenzi. Mwalimu Wilbrodi alisahihisha akiwa amesimama, maana kukaa alishindwa. Kati ya hao kumi na saba alikuwemo Kulthum, binti Hamoudi, mwanafunzi ambaye hakuwahi kupata mkasi, ile alama ya kosa, tangu darasa la kwanza. Akapata siku hiyo. Akasimama.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, mimi nimepata."

"Kilele kirefu ni kipi, Kulthum?"

"Mawenzi, mwalimu. Tulipima."

"Mlipima kwa nini?"

"Kwa utepe wa fundi cherehani, mwalimu."

Mwalimu alitoka na darasa zima nyuma yake, akaomba utepe, akapima. Mawenzi kilikuwa na sentimita zake mia moja na tatu. Kibo kilikuwa na tisini na sita. Kingepimwa vizuri zaidi, lakini juu yake alikuwa amesimama beberu, miguu minne pamoja, akilamba kilele kwa raha zake. Mwalimu alimtazama beberu, beberu akamtazama Mwalimu, halafu akaendelea na kazi.

Mashahidi wa yaliyofuata bado wapo. Mwalimu alimkamata beberu pembe, akavuka naye barabara mpaka dukani.

"Hamoudi! Mbuzi wako wamekula Kilimanjaro!"

"Subhanallah. Yote?"

"Wamebakisha Mawenzi!"

Hamoudi alitoka nyuma ya meza, akaushika ulimi wa beberu, akauona mweupe. "Mwalimu, wewe unatia chumvi kwenye chokaa, halafu unashangaa mbuzi?"

"Chumvi nimenunua kwako!"

"Ndiyo. Na mbuzi ni wangu. Unataka nikurudishie nini, kimekwishaliwa."

Walikuwa wanakaribia kushikana kanzu kwa shati, ndipo Kulthum, aliyekuwa amewafuata na karatasi yake mkononi, akauliza kwa adabu kama sasa atapewa maksi yake. Mwalimu Wilbrodi akachukua karatasi, akaiweka juu ya gunia la chumvi, akafuta mkasi na kuandika vema. Kesho yake mstarini alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Kulthum hakukosea. Aliyekosea ni mimi niliyemfundisha aamini anachokipima, kisha nikampa mlima usiolindwa." Wako walimu wakubwa kuliko yeye waliokufa bila kutamka neno hilo, nimekosea.

Tangu siku hiyo mbuzi walifungiwa siku za masomo, na kila mwanzo wa muhula Hamoudi alivuka barabara na brashi yake mwenyewe, akapaka upande wa mashariki, Mwalimu akapaka upande wa magharibi. Chumvi haikuachwa, kwa ajili ya sare za watoto. Likizo zikifika mbuzi waliruka uzio wa shule, na muhula ukianza wazee walipaka tena. Mke wa mmoja na mke wa mwingine walikubaliana kwamba wanaume hawa wangeweza kuizungushia milima ile uzio wake kwa siku moja, lakini wangekosa sababu ya kukutana.

Mwalimu alistaafu tarehe 14 Mei 2011. Desemba 2018, akiwa na miaka sitini na saba, aliamka asubuhi moja akasema anakwenda kuuona mlima kabla macho hayajamuaga. Mzee Hamoudi, aliyeogopa baridi kuliko deni, akasema hatamwacha mzee mwenzake apotee nchi za watu. Walipitia Msata, Hamoudi amevaa makoti mawili tangu Dunda, wakafika Moshi tarehe 9, wakapanga nyumba ya wageni iliyosifiwa kwamba mlima unauona kutoka uani. Siku tano walikaa uani wakitazama wingu. Kila walipomwuliza mama mwenye nyumba, aliwaambia, "Ai, jana ulikuwa wazi kabisa!" Ilikuwa jana kila siku. Vijana wa hapo waliwaambia kwamba mlima una haya na watu wa pwani. Tarehe 14 walirudi.

Familia iliambiwa kwamba hawakuuona, na kwa miaka sita iliamini hivyo. Mwalimu alikuwa hasimulii lolote la safari ile isipokuwa jinsi asubuhi ya mwisho, akiwa bafuni na sabuni machoni, Hamoudi alivyogonga mlango kama nyumba inaungua. Alipotoka na taulo kuuliza kuna nini, Hamoudi akasema alikuwa anataka ndoo. "Miaka sitini na saba nimeishi," Mwalimu alikuwa akisema, "nimekwenda hadi mguuni pa Kibo, nilichokiona ni Hamoudi akitafuta ndoo." Kisa hicho alikirudia kila baraza, na Hamoudi, mwenye majibu ya watu wote, alikaa kimya akinywa kahawa. Hakuna aliyelitilia maanani, na hilo ndilo kosa letu.

Septemba 2024 Mwalimu alianza kukosa pumzi. Vipimo vilionyesha kwamba moyo wake umepanuka. Daktari alimkataza chumvi na akamkataza kupanda ngazi. "Daktari," Mwalimu akamwambia, "kupanda nilishakatazwa na mlima wenyewe. Lakini chumvi, mbona unanionea?" Alilazwa mara mbili, akarudi nyumbani, na mwishoni mwa Februari mwaka huu akalazwa mara ya tatu. Alijua, nasi tulijua, na hatukuambizana.

Jumapili ya tarehe 9 Machi, baada ya sala ya alasiri, Mzee Hamoudi alifika hospitalini. Mama Evarista alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, Evarista kwenye kiti. Kwaresima ilikuwa imeingia, na Ramadhani ilikuwa na siku chache tangu ianze, kwa hiyo chumba kizima hakikuwa na mtu aliyeshiba. Hamoudi hakusalimia kama kawaida yake. Alisimama akizungusha kofia mkononi.

"Mwalimu, nimefunga, na nina uongo tumboni. Mtu hafungi hivyo."

"Wewe Hamoudi? Uongo wako wote si umeshaufikisha Mbegani?"

"Huu sijampa mtu."

Akakaa kwenye ncha ya kitanda, akasimulia. Asubuhi ile ya mwisho, Moshi, alipomaliza kusali alitoka uani kuanika taulo. Wingu lilikuwa limeondoka. Mlima wote ulikuwa nje, kuanzia chini hadi juu, karibu kiasi kwamba alirudi nyuma hatua mbili akagonga kamba ya nguo. Akakimbilia bafuni, akagonga kwa mikono miwili, na Mwalimu akamjibu kwamba asubiri, ana sabuni machoni. Aligonga tena na tena. Mwalimu alipotoka na taulo, wingu lilikuwa limefunga. Akamwona alivyosimama pale, maji yanamchuruzika, anauliza kuna nini. Moyo ukamshinda kumwambia. Akasema anataka ndoo.

Mwalimu Wilbrodi aligeuzia uso ukutani. Evarista aliinuka, akidhani pengine amwite muuguzi.

"Kumbe hapakuwa na ndoo," Mwalimu akasema.

"Hapakuwa na ndoo. Nisamehe, ndugu yangu. Miaka sita unanicheka mbele za watu, nami nasema bora nichekwe mimi."

Halafu Mwalimu akauliza swali aliloliweka tangu akiwa na miaka tisa.

"Ukoje?"

Mzee Hamoudi si mtu wa vitabu, na siku hiyo hakutaka kuongeza wala kupunguza. Alifumba macho akautafuta. "Mwalimu, nisikudanganye mara ya pili. Mimi niliuona kama lundo la chumvi. Ile ya mashambani, wakishaikokota. Lakini si nyeupe kote kama kwenye kitabu chako. Imebaki mistari mistari, huku na huku. Wallahi ni kama ule wa kwako, mbuzi wangu wakishapita."

Mwalimu Wilbrodi alicheka. Alicheka mpaka mrija wa hewa ukachomoka puani, muuguzi akaja mbio, naye muuguzi akafukuzwa kwa ishara ya mkono. "Chumvi!" alisema, akiwa hana pumzi ya neno la pili. "Mama Evarista, umemsikia? Anasema chumvi!" Mama Evarista, ambaye kati ya wote waliokuwa chumbani ndiye pekee aliyeijua siri ya kalenda ile, alijifunika kanga usoni, na mabega yake yakatikisika. Mpaka leo hatujui alikuwa analia au anacheka, na yeye mwenyewe amesema hajui.

Mwalimu alimfanya Hamoudi asimulie mara tatu. Alitaka kujua taulo ilikuwa rangi gani. Alitaka kujua Mawenzi kilikuwa upande upi, na Hamoudi alipoonyesha kwa mkono wa kulia, Mwalimu akaitikia kwa kichwa kumpa vema. "Sisi tulikuwa tunaipaka theluji, mbuzi wanaifuta," akasema. "Miaka yote nimewafundisha watoto mlima wa zamani, mbuzi wako wanawafundisha wa sasa." Adhana ya magharibi ikawakuta wako Moshi bado. Hamoudi alifuturu palepale, kwa tende tatu na maji ya glasi ya mgonjwa.

Alipokwisha kuondoka, Mwalimu alimgeukia binti yake. "Evarista, wasifu wangu utauandika wewe. Usije ukaandika kwamba nimeuona."

"Niandikeje, baba?"

"Andika ukweli, kwamba Kilimanjaro sikuuona. Andika kwamba nilikuwa na rafiki asiyeweza kuficha bei ya kiberiti, akaficha mlima mzima miaka sita ili nisiumie. Hiyo mita zake hakuna anayeweza kuzipima."

Mwalimu Wilbrodi Pazi alifariki dunia Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyefukuzwa kwa mkono, ambaye alirudi siku ya pili kuuliza walikuwa wanacheka nini.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Angela. Watoto wawili, Clever, na Evarista ambaye ndiye anayewasomea na anaomba radhi sauti ikimkatika. Wajukuu watano, wote wanaijua Loolmalasin. Na dada wawili walioko Kiwangwa. Ameacha wanafunzi wasiohesabika, akiwemo Kulthum binti Hamoudi, ambaye leo ni mpima ardhi. Jana alilipima kaburi hili kwa utepe wake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Ameacha vilele sita uwanjani Msangapwani. Na amemwacha Mzee Hamoudi, ambaye si wa damu, lakini kwenye benchi la familia amekaa mwanzo.

Limebaki jambo moja. Ukoo wa Kiwangwa ulitaka mtoto wao arudi akazikwe nyumbani, nao walikuwa na haki. Lakini aliagiza mwenyewe azikwe hapa Dunda, na sababu aliitoa. Kaburi lake, alisema, lisijengewe marumaru wala msalaba wa vigae. Lipakwe chokaa, nyeupe, kila Desemba. Chokaa hiyo itiwe chumvi ya kutosha, itoke duka lilelile. Na Mzee Hamoudi anaombwa, kwa heshima zote, asiwafunge mbuzi.

Lala, Mwalimu wetu. Mungu akupe mapumziko ya amani, mahali pasipo na wingu.